Maduka sita ya Thika: ninunue sasa au nisubiri uchaguzi?

Swali: Ninastaafu ualimu mwaka huu. Nimeonyeshwa jengo la maduka sita mjini Thika, bei shilingi milioni 48. Kodi yote kwa mwezi ni 300,000. Nimeuza shamba, kwa hiyo nusu ninayo; nusu nyingine benki itanikopesha kwa asilimia 15. Au nisubiri uchaguzi wa Agosti 2027 upite?

Jibu: Mwalimu, mkopo huo unanitisha kuliko uchaguzi. Riba ya milioni 24 kwa asilimia 15 inakaribia milioni 3.6 mwaka wa kwanza. Maduka yote sita, wapangaji wakilipa bila kukosa hata mwezi mmoja, yanakuletea milioni 3.6. Hapo bado hujalipa deni lenyewe, ada za kaunti wala mlinzi. Duka moja likifungwa, unachomoa kwenye pensheni. Tafadhali usitie sahihi.

Siasa inaumiza, ndiyo. Mwaka 2017 uchaguzi wa urais ulibatilishwa na kurudiwa Oktoba, wateja wakabana pesa miezi yote ile. Lakini mwaka huohuo wenye majengo kadhaa waliumizwa vibaya na mpangaji mmoja, kampuni ya supamaketi ya Nakumatt, aliyeshindwa kulipa kodi. Waliokuwa mahali pazuri walipata mwingine. Thika Road Mall, jengo la maduka jijini Nairobi, ilipata supamaketi nyingine, Carrefour.

Kwa hiyo wachunguze wapangaji kabla ya kuta. Dai taarifa za benki na M-Pesa zinazoonyesha kodi ikiingia, na usome kwa makini Juni na Julai 2024, wakati wa maandamano: nani alilipa, nani alichelewa? Kisha ingia kila duka kama mteja. Rafu yenye safu moja ya bidhaa mbele na nyuma tupu inakwambia mwenye duka ameishiwa, hata kama risiti zake ni safi.

Uliza pia mikataba. Mpangaji wa duka asiye na mkataba wa maandishi, au mwenye wa miaka mitano kushuka chini, analindwa na Sura ya 301, sheria ya Kenya ya wapangaji wa maduka na hoteli: kumpandishia kodi au kumtoa kunahitaji notisi ya miezi miwili, na akipinga mnaenda kwenye baraza linaloamua migogoro ya kodi za biashara. Ndiyo maana mawakili wa wenye majengo hupenda kuandika miaka mitano na miezi mitatu, ili mkataba uvuke kikomo hicho. Na bima ya moto pekee isikutulize. Ulizia ya ghasia za kisiasa.

Mimi ningetafuta jengo dogo la milioni 20 hivi, taslimu, na nisingengoja 2027. Kabla ya uchaguzi wauzaji hulegeza bei, na mwenye pesa mkononi ndiye husikilizwa.