Ukumbi ukicheka: majibu kwa wapenzi wa jukwaa

Nilitazama mchezo ukumbini nikacheka mpaka machozi. Juzi nikatumiwa video ya mchezo uleule, nikaiangalia peke yangu kitandani, hata tabasamu halikuja. Nimebadilika mimi? (Msomaji, Morogoro)

Hujabadilika, umewakosa wenzako. Mtafiti wa Marekani, Robert Provine, aliyesikiliza vicheko vya watu madukani na mitaani, aliona kwamba mtu hucheka takriban mara 30 zaidi akiwa na wenzake kuliko akiwa peke yake. Aliona pia kwamba mara nyingi kinachotangulia kicheko si mzaha, ni maneno ya kawaida tu. Pale ukumbini ulimcheka mwigizaji, lakini ulicheka pia kwa sababu mama wa safu ya mbele alikuwa ameshika mbavu. Kamera haikumchukua yule mama.

Waigizaji hujuaje wasubiri kicheko kwa muda gani? Wanahesabu kimoyomoyo? (Msomaji, Mombasa)

Hawahesabu, wanasikiliza. Kicheko hufura kama maziwa jikoni: kinapanda, kinafika ukingoni, kinaanza kushuka. Mwigizaji aliyekomaa hutoa sentensi inayofuata pale kinapoanza kushuka, kabla ukumbi haujapoa. Akiwahi, maneno yake yanamezwa, na baya zaidi, watu wanaanza kujizuia kucheka wasije wakapitwa na neno. Na wakati anasubiri hasimami kama nguzo. Anaendelea kukoroga chai yake au kukunja kanga, ili mhusika abaki hai.

Jambo hili halifundishiki lote mazoezini. Baada ya wiki tatu za mazoezi hakuna anayecheka tena, hata mwongozaji. Ndiyo maana usiku wa kwanza hushangaza: mzaha uliotegemewa unapita kimya, halafu mtu anauliza tu "Chumvi iko wapi?" na ukumbi mzima unaangua kicheko. Kesho yake mwigizaji mchanga anaisema sentensi ileile akiwakodolea macho watazamaji, anangoja wacheke. Hawacheki. Jana walicheka kwa sababu mhusika alikuwa anaitaka ile chumvi kweli, leo anataka kicheko. Nimeliona kosa hili mara nyingi, na huniuma kila mara, kwa kuwa hufanywa na vijana wenye kipaji.

Jukwaani mume alikuwa anampiga mkewe, vijana nyuma yangu wakacheka. Nilikasirika. Watazamaji wetu wana nini? (Msomaji, Dodoma)

Hasira yako naielewa. Lakini tujiulize kwanza yule mwigizaji alipigaje. Kama kofi lilirushwa kwa mbwembwe na mke akazunguka mara mbili kabla ya kuanguka, ishara waliyopewa vijana ni ya vichekesho, nao wakaipokea hivyo. Kosa ni la jukwaa.

Kuna wakati kofi limechezwa kwa ukweli na bado mtu anacheka, kwa mshtuko au kwa aibu ya kuona jukwaani jambo analolijua nyumbani. Huyo usimgeukie kumkaripia. Mwigizaji akiendelea bila kukurupuka, kicheko hicho hujizima chenyewe, na kimya kinachokuja baada yake huwa kizito sana.

Wala kicheko si kigeni kwenye huzuni yetu. Kwa makabila yenye utani, kama Wangoni na Wahehe, mtani huja msibani akamwigiza marehemu, akamkejeli, hata akaingia kaburini na kudai alipwe ndipo atoke. Wafiwa wanacheka huku machozi yanatiririka, na hakuna anayemwona amekosa adabu, kwa maana amekuja kuwabeba. Kwa hiyo ninaposikia kicheko kwenye tukio la huzuni huuliza: anayecheka yuko upande wa nani? Vijana wako, kama walikuwa upande wa mume, basi hasira yako ni halali.

Mzaha wa Kiswahili unaweza kumchekesha asiyejua Kiswahili? (Msomaji, Muscat)

Baadhi tu. Mwaka 2012 ukumbi wa Globe jijini London ulialika michezo 37 ya Shakespeare kwa lugha 37. Kiswahili kilipewa *The Merry Wives of Windsor*, ikachezwa na kundi kutoka Kenya, na Mtanzania Mrisho Mpoto akawa Falstaff, yule mnene anayewaandikia wake za watu wawili barua ileile ya mapenzi. Kwenye skrini kulikuwa na muhtasari wa kila sehemu ya mchezo tu, si tafsiri ya kila neno. Lakini mwanamume anayesukumwa ndani ya tenga la nguo chafu kwa kumkimbia mwenye mke hahitaji mkalimani. Kinachobaki nyuma ni mafumbo na lafudhi: hayo humchekesha aliyekulia ndani ya lugha, na katika ukumbi mchanganyiko utasikia kicheko kikianza pembe moja kisha kikawafuata wengine.

Naogopa kukaa mbele, wasije wakanifanyia mzaha. (Msomaji, Nakuru)

Kaa safu ya tatu, pembeni kwenye njia. Utaona nyuso vizuri na mkono wa mchekeshaji haukufikii. Usikimbilie tu nyuma kabisa kwenye viti vitupu, maana huko utacheka peke yako, kama msomaji wa Morogoro kitandani kwake.