Katapila kwenye mteremko: mambo niliyojifunza baada ya kushikwa na hofu

Nilikuwa nimesawazisha viwanja tambarare kwa miezi mingi nilipopewa kazi ya mteremko mara ya kwanza, nikajiona fundi tayari. Nikaanza kushuka bila mzigo, bledi, yaani bamba la chuma la mbele linalosukuma udongo, ikiwa juu, gia ya kwanza. Mbele, upande wa kushoto, palikuwa na jiwe kubwa. Nikavuta liva ya kulia ili nilikwepe. Katapila likaenda kushoto. Nikavuta zaidi, likazidi kulifuata jiwe kana kwamba limeitwa. Nikaangusha bledi, ikauma udongo, tukasimama. Nilizima injini nikabaki kitini muda mrefu, miguu imekataa kushuka.

Opereta mzee aliyekuwa akinitazama kutoka juu alikuja akicheka. "Kijana," akaniambia, "huku chini si wewe unayeusukuma mtambo. Mtambo ndio unaokusukuma wewe."

Nilichokuwa sijafundishwa ni hiki. Katika makatapila ya zamani yenye klachi za usukani, ukivuta liva ya kulia unakata nguvu ya injini isifike kwenye cheni ya kulia, ule mkanda wa chuma ambao mtambo hutembelea. Kwenye tambarare cheni ya kushoto inaendelea kuvuta, kwa hiyo unakata kona kwenda kulia. Lakini unaposhuka, injini haivuti tena, inazuia. Ukiikata cheni ya kulia unaifungulia: inakimbia huru, ya kushoto bado imeshikwa na injini, na mtambo mzima unageukia kushoto. Dawa ni mbili. Ama uvute liva na kukanyaga breki ya upande huohuo mara moja bila kusitasita, ama utumie klachi ya upande wa pili, taratibu, bila breki. Mitambo mipya ambayo cheni zote mbili hupata nguvu muda wote haina tabia hii, na hapo ndipo mtego ulipo: mtu aliyezoea mpya akipewa ya zamani, mikono yake inamdanganya. Kabla hujapanda popote, tafuta kijiteremko kidogo ujaribu usukani wako.

Gia nayo huchaguliwa ukiwa bado juu, umesimama. Ukishaanza kushuka na gia kubwa umechelewa, na kuweka nyutro ili uteleze ni kujiua tu, sina neno la adabu zaidi. Bledi iwe chini, karibu na ardhi, kiasi cha sentimita 30 hadi 40. Ikiwa juu sana inakuzibia macho, na siku utakapoihitaji kama nanga itakuwa mbali na udongo.

Sasa nizungumzie kwenda kiubavu, yaani kuukata mteremko kwa upande badala ya kupanda au kushuka wima, maana wengi wanaogopa ukali wa mlima huku hatari iko pembeni. Panda wima, shuka wima, na ukimaliza kusukuma rudi kinyumenyume kwa njia uliyoshukia. Kugeuza katikati ya mteremko kunakuweka kiubavu hata kama hukukusudia. Fanya hesabu hii: chukua katapila ambalo cheni zake zimeachana mita 2. Uko kwenye mteremko wa digrii 20, unakata kiubavu, na unajiona salama. Cheni ya juu ikapanda kisiki cha sentimita 30: umeongeza zaidi ya digrii 8. Cheni ya chini ikazama kiasi hichohicho kwenye kifusi laini: sasa umefika kama digrii 37. Mlima haujabadilika hata kidogo, wewe ndiye umebadilika. Ndiyo maana mimi hushuka kwenye mtambo na kulitembelea eneo kwa miguu kwanza, nikitafuta visiki, mashimo na miamba iliyofunikwa na majani. Chuma juu ya mwamba hakishiki, na mfinyanzi uliolowa ni sabuni.

Nikiwa kwenye hesabu, watu huchanganya asilimia na digrii. Mteremko wa asilimia 100 ni digrii 45, si ukuta. Wa asilimia 45 ni digrii 24 hivi. Na ile namba kubwa iliyoandikwa kwenye kitabu cha mtambo, soma vizuri inahusu nini. Mara nyingi inaeleza mwisho wa pembe ambayo oili bado inaifikia pampu ya injini. Haijakuahidi kwamba hutapinduka.

Cheni iliyolegea kwenye tambarare ni kero. Kwenye mteremko ni janga, kwa sababu breki hushika gurudumu la meno linalozungusha cheni, haishiki cheni yenyewe. Cheni ikichomoka, upande huo huna breki tena. Kagua mkazo wake kila asubuhi.

Ukiwa unamwaga udongo ukingoni, usiusukume wote uende. Acha kila mzigo pale pale, kisha uusukume kwa mzigo unaofuata, ili pasikose kuwa na tuta la udongo kati yako na korongo. Ukiona ufa unaofuatana na ukingo, rudi nyuma polepole kwanza, maswali baadaye. Na ukichonga barabara kwenye ubavu wa kilima, anzia juu, upande wa ndani uwe chini kidogo kuliko wa nje, ili mtambo uegemee mlima badala ya kuegemea hewa.

Mkanda funga. Najua joto, najua unabana, nimezisikia sababu zote na nyingine nimezitunga mwenyewe. Fremu ya kinga juu ya kiti inakulinda ukiwa ndani yake. Ukiruka, mtambo unaobiringika utakukuta upande uleule ulioangukia. Kaa, shika, subiri utulie. Na chini yako pasiwe na mtu yeyote, hata wa kupima, maana jiwe moja likiponyoka halibishi hodi.

Kuna kazi moja niliikataa. Ilikuwa mvua ya usiku, kilima cha mfinyanzi, na pa kuingilia palikuwa pa kiubavu tu. Fomeni alinung'unika sana, akaniuliza kama mimi ni opereta au abiria. Nilimwomba tupande naye kwa miguu. Aliteleza mara mbili kabla ya kufika nusu, akakaa chini, akapiga simu kuomba ekskaveta, mtambo wa kuchimba wenye mkono mrefu. Kesho yake ikakata njia iliyonyooka na jukwaa bapa juu, nami nikaanza kusukuma saa nne asubuhi, nikishuka wima.