Kwa admini mpya wa kundi la kartie: pima video, usipime mtumaji

Ukipewa uadmini wa kundi la WhatsApp la kartie (mtaa) hapa Goma, usidhani kazi ni kuongeza namba na kufuta matangazo ya biashara. Kazi yenyewe itakuja siku video moja itakapoingia kundini, nusu ya watu wakaitazama kabla hujashika simu, na wote wakabaki wanakungoja wewe: utaiacha au utaifuta? Ukiifuta, watakumbuka ile ya wiki iliyopita uliyoiacha. Watu husahau tangazo la maji na la mkutano wa avenyu. Hawasahau admini aliyefuta video inayowaaibisha ndugu zake akaacha ile inayowaaibisha ndugu za wengine.

Nimeona makundi mengi ya mji huu yakivunjika kwa jambo hilo hilo. Admini mkali, watu humzoea. Mpole, humzoea pia. Wanayeshindwa kumzoea ni yule asiyejulikana leo ameamkia upande gani.

Kwa hiyo andikeni kanuni siku ambayo hakuna video yoyote inayowasha watu. Kanuni kama "tuheshimiane" au "tusilete fujo" inapendeza masikioni, lakini haitakusaidia saa sita za usiku, kwa sababu kwa kila mtu fujo ni kile alichotuma mwenzake. Andika kitu kinachoonekana kwa macho. Hatuweki uso wa maiti. Hatuweki mtu anayepigwa au kuchomwa na umati, hata mkisema ni mwizi. Hatuweki mtoto aliyeumizwa. Hatuweki mtu uchi, na hilo halina mjadala: video ya faragha ya mtu inafutwa, aliyeituma anatoka, basi. Hatuweki video ambayo mtumaji hawezi kusema imechukuliwa wapi na lini. Kanuni zikiwa hivyo, mkibishana mtabishana juu ya kilichomo ndani ya video, na video iko mbele yenu wote.

Ongeza moja ambayo wengi huisahau katika mji wetu uliozungukwa na vita: hatuweki mtu aliyekamatwa huku anatukanwa, anapigwa au analazimishwa kusema. Kanuni hiyo si ya kubuni. Mkataba wa tatu wa Geneva wa mwaka 1949, kifungu cha 13, unataka mfungwa wa vita alindwe dhidi ya matusi na dhidi ya kutazamwa na umma kama kitu cha maonyesho. Hausemi mfungwa wa upande gani. Hapa ndipo utakapojaribiwa kweli, maana video ya askari wa FARDC, jeshi la serikali, amepigishwa magoti itakuja, ya mzalendo, yaani mpiganaji wa makundi ya wenyeji yaliyo upande wa serikali, itakuja, ya mpiganaji wa waasi wa M23 itakuja, na kila mara kutakuwa na watu wanaolia na wengine wanaocheka. Ukifuta ile inayokuuma na kuiacha ile inayokufurahisha, umeshajiandikisha kwenye jeshi mojawapo bila kuvaa sare. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu, na wanachama wako wanaijua methali hiyo kuliko wewe.

Chukua mfano tunaoujua sote. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti Merdi, iliyotoka Minova, ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku. Wengi walikuwa wakipita ziwani kwa sababu vita vilikuwa vimeikata barabara ya Sake. Watu waliokuwa ukingoni walichukua video: boti inaegemea upande, watu wanaanguka majini, kisha inapinduka. Haikuchukua muda ikawa kwenye simu za Goma yote, ikavuka hadi Bukavu, Kinshasa na ng'ambo. Baada yake zikafuata picha za maiti.

Hapo admini anatakiwa atenganishe vitu viwili ambavyo mkono wenye haraka huvichanganya. Video ya boti inapinduka ni ya kutisha, lakini ilikuwa na jambo la kuwaambia watu: boti ilivyojaa, ilivyokuwa karibu na nchi kavu, ilivyochukua muda mfupi. Watu waliijadili ili kuuliza maswali ya haki juu ya upakiaji na jaketi za kuokolea. Picha ya uso wa mama aliyelazwa mchangani haijibu swali hata moja kati ya hayo. Ya kwanza inaweza kubaki, ikiwa na maneno ya onyo juu yake. Ya pili inaondoka. Na inaondoka hata ikitumwa na mtu ambaye naye amepoteza ndugu.

Kuna kisa kimoja kigumu ambacho siku ya msiba kama huo hakikosi. Mtu anakuja na picha ya maiti akisema, "Naomba anayemjua huyu atuambie, familia yake imtafute." Nia yake ni safi. Ukimfutia, utaonekana huna roho. Ukimwachia, kesho mwingine ataleta picha ya aina hiyo bila nia safi, nawe utakosa la kumwambia. Njia niliyoiona inafaa ni hii: anamtumia admini picha kwa faragha, na admini anaandika kundini kwa maneno tu, mwanamke au mwanaume, umri wa kukadiria, amevaa kitenge cha rangi gani, amepelekwa hospitali gani. Familia hutambua nguo haraka sana. Anayetaka kuona picha anaomba kwa faragha na anasema ni nani wake. Kanuni imebaki nzima, na mtu hakuzuiwa kumtafuta ndugu yake.

Sasa watu wakubwa. Kila kundi la kartie lina pasta, lina mkuu wa avenyu, lina mama anayeheshimiwa na wote, lina tajiri anayelipa megas (data za intaneti) za vijana. Hao ndio wanaotuma video nyingi za mashaka, kwa sababu hakuna anayewaambia kitu. Usipowagusa, kijana wa moto uliyemfutia jana atakuuliza mbele ya watu: "Kwa hiyo kanuni ni ya sisi maskini?" Hutakuwa na jibu. Lakini kuwagusa kuna adabu yake. Futa kwanza, papo hapo, kama ungemfutia mwingine yeyote. Kisha mwandikie kwa faragha, kabla hajauliza:

"Jambo Papa Pasta. Nimeondoa ile video ya kijana aliyechomwa, kwa sababu kanuni ya pili inakataza mtu anayepigwa au kuchomwa na umati. Wiki hii nimeondoa pia ya mwingine kwa sababu hiyo hiyo. Ukitaka kuandika juu ya jambo lenyewe, kundi liko wazi kwako kama kawaida. Asante Papa."

Tazama kilichomo humo: video gani, kanuni ipi, na kwamba hakuwa peke yake. Hakuna hotuba. Kijana wa moto naye apate ujumbe huo huo, ukibadilisha tu namna ya kumwita. Usimsute hadharani yule wa chini na kumnong'oneza yule wa juu. Kundini mstari mmoja unatosha: "Video imeondolewa, kanuni ya 2." Jina la mtumaji la nini? Tangu mwaka 2022 WhatsApp inampa admini uwezo wa kufuta ujumbe wa mwanachama kwa watu wote, na mahali pake panabaki alama kwamba admini ameufuta. Kila mtu ataiona. Ukinyamaza, watajaza wenyewe sababu, na hapa kwetu sababu ya kwanza inayokuja kichwani ni kabila.

Tulizungumze hilo la kabila bila kuzunguka. Video inaweza kuwa safi kabisa, mtu anatembea tu Birere, halafu maneno chini yake yakawa sumu. Wengine watamwita mnyama, wengine wataandika "mrudisheni kwao." Kusimamia video bila kusimamia maneno yanayoifuata ni kazi nusu. Njia yangu ya kupima ni rahisi: chukua sentensi iliyoandikwa juu ya Watutsi, weka Wanande mahali pake, au Wahutu, au Wahunde, au Washi, kisha kabila lako mwenyewe, usome tena. Kama ungeifuta katika hali yoyote kati ya hizo, ifute sasa. Na anayekuja na "lakini hao ndio walioanza" mpe jibu hilo hilo unalompa kila mtu.

Hili si suala la adabu peke yake. Ordonansi-sheria namba 66-342 ya tarehe 7 Juni 1966 inaadhibu ubaguzi wa rangi na ukabila katika nchi yetu, na sheria ya mambo ya kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inagusa yale tunayotuma kwa simu. Zaidi ya sheria, sisi wa Goma hatuna ruhusa ya kusema hatukujua. Mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda walivuka mpaka na kuingia mji huu Julai 1994, baada ya miezi ambayo redio ya huko ilikuwa ikiwaita binadamu wenzao mende. Desemba 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwahukumu watu watatu waliohusika na redio RTLM na gazeti Kangura. Walikuwa wamezungumza na kuandika. Kwa hiyo mtu akikuambia "ni maneno tu, admini, acha watu wapumue," usione haya kumkatalia.

Video za zamani zinazoletwa kama za leo zinahitaji subira kuliko ujuzi. Nyiragongo ilipolipuka jioni ya tarehe 22 Mei 2021, na lava ikafika Buhene karibu na uwanja wa ndege, picha za mlipuko wa Januari 2002 zilipatikana kwa urahisi kwa yeyote aliyetaka kuogofya watu. Siku tano baadaye, tarehe 27 Mei, iliamriwa kartie 10 kati ya 18 za mji zihamishwe, na familia zikaondoka kuelekea Sake, Gisenyi na Bukavu. Katika siku kama hizo, video yenye tarehe ya uongo inaweza kumtoa mama na watoto nyumbani usiku, au kumfanya abaki mahali alipopaswa kuondoka. Juu ya volkano tunasikiliza kituo cha uchunguzi, OVG. Juu ya mengine, tazama video mara mbili na sauti ikiwa juu. Wanazungumza lugha gani? Magari yanakwenda upande gani wa barabara? Kwetu yanakwenda kulia, kama Rwanda na Burundi. Uganda, Kenya na Tanzania yanakwenda kushoto, kwa hiyo video ya "Beni leo" yenye magari upande wa kushoto haikuchukuliwa Beni. Je, kuna sanamu ya tchukudu (ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo), kuna mwamba mweusi wa lava kwenye kuta, kuna mlima nyuma? Ukiona ile mishale miwili inayoonyesha ujumbe umesambazwa mara nyingi, mtumaji wako hajui zaidi yako.

Video inayosema kile ambacho tayari unakiamini ndiyo utakayoipitisha bila kuuliza wapi na lini. Hata ukaguzi una upendeleo. Mimi hushauri kila kundi liwe na maadmini wasiopungua watatu, wasiotoka kanisa moja wala kabila moja, na mmoja wao awe mama. Anayeguswa na video, kwa ndugu au kwa moyo, anasema, "Hii siishiki," na kumwachia mwenzake. Hakuna aibu hapo.

Wekeni pia daftari. La karatasi linatosha, la shule lile la kurasa mia. Tarehe, video ilihusu nini kwa maneno machache, kanuni ipi, nani alifuta, na kama mtu alilalamika mliamua nini. Usiandike majina ya wanachama humo, wala namba zao. Tangu mwishoni mwa Januari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa AFC/M23, muungano ambao M23 imo ndani yake, kila mtu anajua simu au daftari linaweza kufunguliwa na mkono usiotarajiwa, na anayeonekana usoni kwenye video au jina lake likiwa mahali fulani anaweza kulipia. Kwa sababu hiyo hiyo, video inayoonyesha wapita njia wakishuhudia jambo la silaha haikai kundini, awe aliyeshika silaha ni nani.

Daftari litakusaidia kwa jambo ambalo kumbukumbu haiwezi. Mwanachama atasema, "Video kama hii mliiacha mwezi uliopita." Unafungua, unatazama. Kama ni kweli mliiacha na kanuni haikubadilika, basi mbili hizo zitendewe sawa: ama hii inarudi, ama mnatangaza kwamba kuanzia leo aina hii haipiti, na mnasema kwa nini. Kama hazikufanana, mwonyeshe tofauti iko wapi. Watu wa Goma wanakubali kushindwa wakionyeshwa. Wasichokubali ni kuambiwa "admini ameamua."

Na usiku mtalala, umeme utakatika, mtandao utapotea. Video ya saa nane za usiku ikikaa hadi asubuhi huku ya mchana ilifutwa kwa dakika, aliyefutiwa mchana ataona kaonewa, na ana sababu. Fungeni kundi usiku kwa ile mipangilio ya maadmini pekee kutuma, na lifunguliwe na anayeamka mapema. Siku za hatari mnaliacha wazi kwa zamu, na mnaandika zamu hiyo ni ya nani.

Juu ya kumtoa mtu: onyo la kwanza kwa faragha, la pili kundini, la tatu anatoka kwa muda mliokubaliana tangu mwanzo, sawa kwa kila mtu. Muda ukiisha, mrudisheni ninyi wenyewe bila kungoja aombe, na siku hiyo asikumbushwe na yeyote kilichomtoa.