Fundi wa Spika Anajibu: Mwimbaji Amekaa Kwenye Buti

SWALI: Fundi, shikamoo. Nilitoa spika zote za kiwandani kwenye gari langu. Milango ya mbele nimeweka mpya za inchi 6.5, na kwenye kibao cha nyuma nimefunga zile za umbo la yai, 6x9, zilizoandikwa wati 400. Kelele ipo, lakini mwimbaji namsikia mgongoni na besi haina uzito. Cha ajabu, nikipeleka balansi yote upande mmoja, besi inaongezeka! Ninunue amplifaya, au nimeuziwa feki?
Dereva Mwenye Masikio

JIBU: Marahaba. Usinunue kitu kwanza. Hicho ulichokiita cha ajabu ndicho kilichonipa jibu. Besi ikiongezeka ukinyamazisha upande mmoja, ujue spika za kushoto na kulia zinapingana: moja inasukuma hewa, mwenzake anavuta. Kuna mahali chanya na hasi vimebadilishana. Chomoa nyaya za spika nyuma ya redio, chukua betri kavu ya volti 1.5, gusisha chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, kisha uachie hapo hapo. Koni, ile sehemu ya spika inayotikisika, ikiruka nje, sawa. Ikiingia ndani, geuza waya. Pima zote nne, ila twita, yaani spika ndogo za sauti nyembamba, usizipime hivi.

Sasa huyo mwimbaji wa mgongoni. Wengi hupeleka pesa nyuma kwa sababu 6x9 ni kubwa na zinaonekana. Mimi ningekuwa na pesa ya jozi moja tu, ingekwenda mbele yote. Rudisha feda, kile kidhibiti cha redio kinachogawa sauti mbele na nyuma, mbele hadi spika za nyuma zisijitangaze, uzitambue tu pale unapozizima.

Ukimaliza hapo, shughulikia milango, maana ndiyo inayoharibu spika nzuri kuliko kitu kingine chochote. Koni hutoa sauti pande zote mbili, na sauti ya mgongoni mwake ni kinyume cha ile ya mbele. Zikikutana, besi hufutana. Ukifungua kava la mlango utaona matundu makubwa yaliyofunikwa kwa nailoni. Hapo ndipo zinapokutania. Ziba kwa shiti nene za kunata zenye mgongo wa alumini, na bandika nyingine kwenye bati la nje, nyuma ya spika, lisitetemeke. Matundu madogo ya chini kabisa usiyaguse: maji ya mvua yanayopita kwenye raba ya kioo hutokea hapo. Spika ikae kwenye ringi ngumu, na sponji izunguke ukingo wake ibanane na kava, sauti isipotelee ndani ya mlango. Kabla ya kukaza skrubu, shusha kioo hadi mwisho uone kama hakigongi sumaku. Nimeshaletewa vioo vilivyopasuka kwa uvivu huo.

Kuhusu wati 400, hizo ni namba za kuuzia. Tafuta iliyoandikwa RMS, yaani wati ambazo spika inahimili kwa mfululizo. Redio ya kawaida, hata ikijisifu 4x50, kwa mfululizo hutoa kama wati 15 hadi 20 kwa kila spika. Kwa mtu asiye na amplifaya, namba ya maana ni usikivu, yaani ukubwa wa sauti spika inayotoa kwa wati zile zile: spika ya desibeli 92 ikilinganishwa na ya 89, hiyo ya pili inahitaji wati mara mbili kufikia sauti ile ile.

SWALI: Nimebandika twita juu ya dashibodi zikitazama kioo cha mbele. Zinachoma masikio. Rafiki ananiambia nizishushe chini mlangoni.
Abiria wa Mbele

JIBU: Rafiki yako anakutoa shimoni akutie kisimani. Sauti nyembamba hudunda kwenye kioo na kukufikia mara mbili, ndiyo maana zinachoma. Ukizishusha, magoti yatazikinga na mwimbaji ataimbia viatuni. Jaribu kona ya pembetatu karibu na kioo cha pembeni, zikitazama katikati ya viti viwili. Zishike kwa tepu tu, usikilize safari kadhaa, ndipo utoboe. Nguzo ya kioo cha mbele nayo ni pazuri, lakini ikiwa imeandikwa airbag, achana nayo. Kama kikasha cha krosova, kile kinachotenganisha sauti nyembamba na nene, kina swichi ya kupunguza desibeli 3, iteremshe.

Redio yako ikiwa na mpangilio wa kuchelewesha sauti, utumie. Sauti huenda kama sentimita 34 kwa milisekunde moja. Twita ya karibu ikiwa sentimita 90 kutoka kichwani mwa dereva na ya mbali 140, ya karibu icheleweshe milisekunde 1.5. Mwimbaji atahamia katikati ya dashibodi, kwa dereva. Wewe wa pembeni utaharibikiwa. Hilo mmalizane wenyewe.

SWALI: Sabufa itazame mbele au nyuma?
Msomaji wa Kudumu

JIBU: Chini ya hezi 80 sikio halitambui sauti inatoka wapi, kwa hiyo jaribu zote mbili. Ndani ya buti, ikitazama nyuma mara nyingi hujaza zaidi. Uelekeo wowote utakaochagua, kasha lifunge kwa mkanda. Gari likigonga, mzigo huo unakuja mbele na viti ndivyo vitakavyoupokea.