Paneli za taa nyekundu za nyumbani: nilichopima kabla ya kuamini maandishi ya boksi

Ndugu yetu wa Bagamoyo ameuliza swali ambalo nami nililiuliza miaka miwili iliyopita nikakosa wa kunijibu. Ana shilingi laki tisa, mkewe anasumbuliwa na goti na pia ana madoa meusi yaliyoachwa na chunusi usoni, na muuzaji anamshauri aachane na paneli ndogo ya taa nyekundu za kutuliza maumivu na kutunza ngozi, iliyoandikwa wati 300, achukue kubwa iliyoandikwa wati 1500, kwa hoja kwamba kubwa "inapenya mara tano zaidi". Mimi ni fundi umeme na sola hapa Tanga, si tabibu, na paneli za aina zote mbili zimepita mikononi mwangu kwa sababu ya magoti ya mama yangu mzazi. Nitaeleza nilivyozilinganisha, maana hoja hiyo ya muuzaji ndiyo iliyonitoa fedha mimi.

Kwanza niondoe mkanganyiko mmoja ambao hapa Ngamiani nimeusikia mara nyingi. Taa hizi si zile balbu nyekundu za kutunzia vifaranga. Balbu ya vifaranga hutoa joto, na sehemu kubwa ya mionzi yake huishia kwenye maji yaliyomo katika tabaka za juu za ngozi, ndiyo maana unasikia kuungua ukiisogelea. Paneli tunazozungumzia zina taa ndogo ndogo za LED zinazotoa mawimbi machache yaliyochaguliwa: mwanga mwekundu wa nanomita (kipimo cha urefu wa wimbi) 630 hadi 660 hivi, na mwanga wa infraredi ya karibu wa nanomita 810 hadi 850. Ule mwekundu huishia karibu na ngozi, na ule wa infraredi huingia ndani zaidi kidogo, ingawa nao hupungua haraka sana kadiri unavyopita kwenye nyama. Maelezo yanayokubaliwa na watafiti wengi ni kwamba mwanga huo hupokewa na kimeng'enya kimoja kilichomo ndani ya mitokondria, yaani sehemu za seli zinazotengeneza nguvu. Athari ya mwanga wa namna hii mwilini iligunduliwa kwa bahati huko Hungaria mnamo 1967, wakati daktari Endre Mester alipowamulika kwa leza dhaifu panya walionyolewa, akaona manyoya yao yanaota upya haraka kuliko ya wenzao.

Paneli ya kwanza niliyonunua ilikuwa ndogo, ya taa 60. Siku nilipoiwasha sebuleni mama aliitazama kwa muda, akaniambia, "Mwanangu, umeuziwa mbovu, nusu ya taa zake zimekufa." Nami niliamini vivyo hivyo, nikaanza kutafuta risiti. Kumbe zile zilizoonekana kama zimezima, zikiwa na mng'ao hafifu kama wa kaa la moto linalokaribia kufa, ndizo za nanomita 850, ambazo jicho la mwanadamu haliwezi kuziona vizuri. Nilichukua simu, nikafungua kamera ya mbele, nikaielekeza kwenye paneli, na zile "maiti" zote zikawaka kwenye kioo kwa rangi ya zambarau iliyopauka. Jaribio hili halina gharama, lifanyeni dukani kabla hamjalipa, kwa kuwa kamera za simu nyingi huona mwanga huo japo macho yetu hayauoni. Taa isiyoonekana hata kwenye kamera, ilhali jirani zake zinaonekana, hiyo ndiyo mbovu.

Miezi minne baadaye nilishawishika kununua ile kubwa. Ilikuwa na taa 300, urefu wa sentimita 90 na upana wa sentimita 28, na boksi lilitangaza wati 1500. Nilipoichomeka sikusikia waya ukipata joto hata kidogo, na hapo ndipo ufundi wangu ukaanza kunihoji. Pasi ya wati 1500 ikiwaka kwa dakika kumi, waya wake hupata joto. Basi nilizima kila kitu ndani ya nyumba, hadi friji, nikasimama mbele ya mita ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla. Mita nyingi zina kitaa kidogo chekundu kinachomweka kadiri umeme unavyotumika, na pembeni yake kumeandikwa idadi ya mimweko kwa uniti moja, yaani wati-saa 1000. Ya kwangu imeandikwa 1000, maana yake kila mweko ni wati-saa moja. Paneli ya kweli ya wati 1500 ingepaswa kukimwekesha kitaa mara 250 kwa dakika kumi. Nilihesabu mimweko 43. Hiyo ni sawa na wati 258. Nikaijaribu na ile ndogo iliyoandikwa wati 300, nikapata mimweko 10, yaani wati 60.

Siri yake ni nyepesi. Watengenezaji huchukua idadi ya taa, wakazidisha kwa wati 5 ambazo kila taa ingeweza kubeba kama ingesukumwa hadi mwisho wa uwezo wake: 300 mara 5 ni 1500, na 60 mara 5 ni 300. Hakuna anayezisukuma hivyo, kwani zingeungua. Kwa hiyo namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi ni hesabu ya taa tu iliyovalishwa koti la wati. Wapo watengenezaji waungwana wanaoandika matumizi halisi ya umeme kwa herufi ndogo mahali fulani nyuma ya kifaa, na hiyo ndiyo namba ya kutafuta.

Sasa njooni kwenye kiini cha swali. Kinacholifikia goti hakipimwi kwa wati za paneli nzima. Hupimwa kwa miliwati za mwanga zinazoangukia kila sentimita moja ya mraba ya ngozi. Tukadirie, kwa ukarimu, kwamba asilimia 40 ya umeme unaoingia hutoka kama mwanga na unaobaki hupotea kama joto na kuzungusha feni. Ile ndogo ya wati 60 hutoa wati 24 za mwanga, na uso wake una sentimita za mraba 600, kwa hiyo ni miliwati 40 kwa kila sentimita ya mraba. Ile kubwa ya wati 258 hutoa wati 103 kwenye uso wa sentimita za mraba 2,520, na jibu lake ni miliwati 41. Tofauti ni miliwati moja! Kubwa haikuwa na nguvu zaidi juu ya goti la mama, bali ilikuwa pana zaidi, na upana huo wote ulimulika ukuta na miguu ya kiti. Anayetaka kumulika mgongo mzima, mapaja na mabega kwa mpigo mmoja ana sababu ya kununua kubwa. Mwenye goti moja hana.

Mtaniuliza kwa nini nisipime kwa kifaa badala ya kukadiria. Nilipima, na nilidanganyika. Kwa kazi yangu ya sola ninacho kipimo cha nguvu za jua, nacho ndicho hicho hicho wauzaji wengi huonyesha kwenye video zao. Niliweka ile paneli ndogo umbali wa sentimita 15, kikaniandikia wati 700 kwa mita ya mraba, yaani miliwati 70 kwa sentimita ya mraba. Lakini hesabu ya hapo juu inaonyesha kwamba hata ukiugusisha uso wa paneli, wastani hauwezi kuzidi 40. Lensi zilizo juu ya taa zinaweza kukusanya mwanga kidogo katikati, ila si kiasi hicho. Kosa ni la matumizi ya kipimo, kwa kuwa kimerekebishwa kwa mwanga wa jua wenye mchanganyiko wa rangi zote, na kitambuzi chake huhisi zaidi mwanga mwekundu na infraredi ya karibu, hivyo kikipewa rangi hizo peke yake hutia chumvi. Muuzaji akikuonyesha zaidi ya miliwati 100 kwa kipimo cha sola, kumbuka kwamba jua la saa sita mchana lisilo na wingu hutoa takribani miliwati 100 hizo hizo, rangi zote pamoja, halafu ujiulize kama kweli lile boksi la plastiki linalishinda jua la kaskazi.

Umbali nao una neno lake. Ukisogea kutoka sentimita 15 hadi 30 mwanga unaokufikia hupungua sana, hasa kwa paneli ndogo. Mimi hukadiria miliwati 30 kwa sentimita 15, na kwa dakika kumi, ambazo ni sekunde 600, hiyo ni juli (kipimo cha nishati) 18 kwa kila sentimita ya mraba. Kuongeza muda si lazima kuongeze faida. Watafiti wameona mara nyingi kwamba dozi ndogo haifanyi kitu, ya kadiri hufanya, na iliyozidi hupunguza ile faida. Mama aliwahi kusinzia mbele ya paneli kwa zaidi ya nusu saa, hakudhurika, ila tangu siku hiyo naweka kengele ya simu.

Je, ilimsaidia? Nitasema nilichokiona. Mama alikuwa ameacha kusujudu, akisali juu ya kiti kwa sababu ya magoti kusagika. Baada ya miezi mitatu ya dakika kumi kwa kila goti, siku tano kwa juma, alirudi kwenye mkeka kwa sala ya alasiri, kisha kwa sala nyingine taratibu. Lakini katika miezi hiyo hiyo alikuwa akifanya mazoezi ya misuli ya paja aliyofundishwa na mtaalamu wa fiziotherapia, na alipunguza uzito. Sina mizani ya kutenganisha mwanga, mazoezi na uzito, na anayejidai kuwa nayo anauza kitu. Tafiti za magoti zenyewe hutofautiana katika matokeo. Mahali ambapo tiba hii ina msimamo imara zaidi ni pengine kabisa, katika kuzuia vidonda vya mdomoni kwa baadhi ya wagonjwa wanaotibiwa saratani, na huko hutumika hospitalini kwa dozi zinazosimamiwa. Kwa vyovyote, nisingemshauri mtu anunue paneli kabla mkewe hajaonwa na mtaalamu wa mazoezi tiba, kwa kuwa mazoezi ya goti yanajulikana kufaa na gharama yake ni ndogo kuliko ya kifaa chochote.

Kuhusu uso wa shemeji yetu, hapo ningekuwa mzito zaidi. Madoa meusi kwenye ngozi yetu huweza kuchochewa na joto na hata na mwanga unaoonekana, kwa hiyo asianze kwa kuuweka uso sentimita kumi kutoka kwenye taa. Utafiti wa usalama uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba ngozi nyeusi na ya kahawia ilistahimili hadi juli 320 za mwanga mwekundu kwa kila sentimita ya mraba, wakati ngozi nyeupe ilistahimili 480. Dozi za nyumbani ziko chini mno ya hizo, lakini funzo la kwamba rangi ya ngozi huingia kwenye hesabu halimo katika vijitabu vingi vinavyokuja na paneli. Amwone daktari wa ngozi kwanza, na amtajie dawa anazotumia, kwa kuwa zipo dawa, doksisaiklini ikiwa mojawapo, zinazoifanya ngozi iudhike upesi kwa mwanga. Macho yafunikwe kwa miwani inayokuja na kifaa, na uvimbe ambao haujachunguzwa usimulikwe.

Mambo ya pwani, kwa kifupi. Ile kubwa ilikaa kwa muda kwa dada yangu anayeishi Raskazone, na kabla ya mwaka kwisha feni mbili zilikuwa zinalia kama kinu kikavu kwa kutu ya hewa ya chumvi, kwa hiyo chagua paneli ambayo feni zake hufunguka kwa bisibisi, au ndogo isiyo na feni kabisa. Hakikisha imeandikwa volti 100 hadi 240. Binamu yetu alileta ya volti 120 tu kutoka Marekani, nasi tukaichomeka kwa furaha ya wageni, ikatoa mlio mmoja na harufu. Gharama ya umeme si hoja: ile ndogo kwa dakika kumi hula sehemu ya mia ya uniti, yaani shilingi tatu au nne.

Na boksi likiandikwa "FDA" pamoja na cheti chenye tai, usitishike. Mamlaka hiyo ya chakula na dawa ya Marekani haitoi vyeti vya usajili wa vifaa, na kampuni kusajiliwa kwake hakumaanishi kwamba kifaa kimepitishwa. Hapa kwetu wanaosimamia vifaa tiba ni TMDA, ambao kabla ya 2019 tukiwaita TFDA, na unaweza kuwauliza kwa jina la kifaa na la mtengenezaji.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ningekuwa na laki tisa zako ningetenga kwanza fedha za daktari wa ngozi na za mazoezi, kisha ningetafuta paneli ndogo inayotaja nanomita 660 na 850 pamoja na matumizi halisi ya umeme, na ningemwomba muuzaji aniruhusu niiwashe dakika kumi mbele ya mita yake. Niliyemwomba hivyo mara ya mwisho alisema mita iko nyuma ya duka na ufunguo hauonekani. Ile kubwa yangu ipo bado, imeegeshwa nyuma ya kabati, na mama huitumia upande wa nyuma kuanikia mitandio.