Varista ya bodi ya friji

Ndugu yangu wa Wete, pole. Umeuliza urudishe varista gani, yaani kile kidude cha kwenye bodi kinachomeza mshtuko wa umeme, baada ya ile 10D391 kupasuka umeme uliporudi. Usiirudishe hiyo. Mwisho wake ni volti 250 za AC. Umeme wetu wa 230 ukipanda asilimia 10 tu, unafika 253, nayo inaanza kupata moto. Tafuta 14D471, au 20D471 ikienea kwenye bodi: 14 na 20 ni upana wake kwa milimita; 471 maana yake inaanza kupitisha umeme kwenye volti 470 za DC, na inahimili 300 za AC. Na tafadhali sana, ikae baada ya fyuzi, baina ya laini na nyutro. Varista ikifa mara nyingi hupiga shoti. Bila fyuzi inawaka. Ila varista inazuia mshtuko wa ghafla wa muda mfupi tu. Umeme ukipanda na kubaki juu, unahitaji gadi ya friji, yaani kifaa kinachokata umeme ukizidi.