Kimbunga Jobo hakikuwa uongo, kaka

Kaka, unasema TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, walitutisha bure na Jobo Aprili 2021, kwa hiyo tahadhari zao zipuuzwe. Sikubaliani nawe. Kimbunga kilikuwepo, kilionekana kwenye satelaiti kikitoka upande wa Madagaska, ila kilidhoofika baharini kabla hakijatufikia pwani. Ungekuwa wewe ofisini siku ile, ungekaa kimya ukisubiri kiishiwe nguvu chenyewe? Mei 2024 kilikuja kimbunga Hidaya, kikapiga Mafia, na mvua zake zikakata barabara ya kusini kule Kilwa.

Kinachotuharibia ni zile sauti za WhatsApp, "mtu wangu wa ndani kaniambia", hazina tarehe wala mkoa, halafu zisipotimia lawama wanabeba TMA! Tangazo halisi utalijua: lina tarehe, linataja mikoa, na lina ngazi, kuanzia ya chini: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa. Watu wengi wakisikia angalizo tu wanasambaza kama vile bahari inapanda Kariakoo. Mimi nikiletewa sauti ya namna hiyo, naingia kwanza kurasa za TMA wenyewe. Nisipoikuta huko siisambazi, hata kama imetoka kwa shemeji.